Ufagio Ulionaswa Kwenye Pikapu

Mtaa mzima ulimwita Mama Viti. Penye harusi yupo, penye msiba yupo, na pikapu yake imejaa viti vya plastiki na maturubai. Aliiendesha mwenyewe. Mumewe, fundi wa mageti, hakuwa na leseni ya udereva wala hakuitaka. Yeye na moto wake wa kuchomelea walitosheana.

Kila asubuhi Mama Viti alifagia bodi ya pikapu, kule nyuma kunakopakiwa viti. Kisha aliuchomeka ufagio, mpini chini, kwenye nafasi iliyopo kati ya kichwa cha gari na bodi. Hapo ndipo ulipokaa siku zote.

Taabu yake ilikuwa moja tu. Bodi ilikuwa fupi. Viti mia vilitaka safari mbili, na mwenye shughuli hana subira. Alilalamika mezani, alilalamika kitandani, mpaka mumewe akasema basi, amesikia.

Mama Viti akaenda kumuuguza dada yake kwa wiki moja. Huku nyuma fundi akaikata pikapu. Alikata chasisi, yaani vile vyuma viwili virefu vya chini vinavyobeba gari zima. Akaongeza mita moja ya bomba la mraba, lile lile la mageti, na bodi akairefusha hivyo hivyo. Akachomelea, akasaga maungio kwa mashine mpaka yakawa laini, akapaka rangi nyeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Pitisha kiganja kwenye geti lake, hutajua chuma kimeungwa wapi.

Mama Viti aliporudi alilizunguka gari mara tatu, mkono kifuani. Alipitisha kiganja chini, hakuhisi kitu. Jioni ile fundi alipakuliwa minofu mitupu.

Ikawa sasa viti mia na ishirini, safari moja. Zikapita wiki tatu. Mlango wa abiria ukaanza kugoma kufunga, Mama Viti akalaumu bawaba. Ufagio ukaanza kubana, akalaumu vumbi.

Siku moja kulikuwa na harusi ya mpwa wake, ng'ambo ya kilima. Viti vilikuwa vimeshapakiwa. Mama yake mzazi na shangazi zake wawili, wamevaa wakapendeza, walisema watakaa huko huko nyuma juu ya viti. Mama Viti alitaka kufuta vumbi la mwisho ili wasichafuke. Akauvuta ufagio. Haukutoka. Akaweka mguu kwenye tairi, akavuta tena. Wapi.

"Muache," alisema shangazi mmoja. "Naona huyo naye ameolewa leo."

Walikuwa bado wanacheka alipopita jirani yao na ndoo ya maji. Alikuwa mkaguzi wa magari, na watu walimwita Nyundo kwa sababu ya kinyundo chake cha kazi kisichotoka mfukoni. Mama Viti alimwomba amsaidie kuvuta. Nyundo aliweka ndoo chini, lakini ufagio hakuugusa.

"Shemeji, huu ulikuwa ukipita?"

"Ulikuwa ukipita na ngumi yangu juu yake."

"Lini?"

"Mwezi jana tu."

Nyundo alilala chali mchangani na shati lake safi, akaingia chini ya gari. Akagonga chuma. Kililia kama kengele. Akagonga mbele kidogo, kikajibu kama sufuria iliyopasuka. Alikwangua rangi kwa ufunguo, halafu akamwita Mama Viti aje aone mwenyewe.

Naye akaingia, na gauni lake la kuendea harusini. Akaona ufa. Ulianzia chini ya chuma ukapanda juu, na kilichobaki kizima hakikuzidi upana wa vidole viwili. Chuma cha pili nacho kilikuwa kimeanza. Gari lilikuwa linakunjika katikati, kidogo kidogo, na ule ufagio ndio uliokuwa ukimwambia kila asubuhi.

Akilini aliuona mteremko wa kilima. Aliiona miguu yake mwenyewe ikikanyaga breki. Alipotoka chini ya gari, mama yake alikuwa ameshapanda, ameketi juu kabisa ya viti, pochi mapajani.

"Mama, shuka," alisema. "Shuka polepole."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi alitoka karakanani akiuliza kuna nini. Alipoambiwa alipandisha mabega.

"Jirani, mimi mwaka wa ishirini huu nachomelea mageti. Hakuna hata moja lililoanguka."

"Geti linasimama pale pale," alisema Nyundo. "Halibebi viti mia, halipigi breki kwenye mteremko. Ulipomaliza kuunga ulisaga?"

"Nilisaga mpaka mkono usihisi kitu."

"Basi hicho ulichokisaga ndicho kilichokuwa kinashikilia."

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa bado anateremshwa. Akakaa chini pale pale, mchangani.

Viti vilikwenda harusini kwa lori la kukodi, na wazee wakapanda basi. Kesho yake Nyundo alikuja akawaeleza. Kadi ya gari inataja urefu wake na mzigo wake. Ukibadilisha chasisi bila kibali, gari lililoko barabarani si lile lililoandikwa. Polisi wanaweza kulizuia, na likiua mtu, bima inaweza kukataa kulipa. Tena gari la mizigo halipandishi watu nyuma, hata liwe zima namna gani. Njia ya sawa ni kuanza kwenye ofisi ya usajili wa magari kabla chuma hakijakatwa. Mhandisi anachora na kupiga hesabu, karakana iliyoidhinishwa inafanya kazi, mkaguzi anapima, na kadi inaandikwa upya.

Wakaifuata. Pikapu ilivutwa, haikuendeshwa hata hatua moja. Mhandisi alisema mita ile nzima haiwezekani kwa gari hili. Chasisi na bodi vikarudishwa urefu wa kiwandani, na badala yake wakaruhusiwa kuinua kuta za bodi kwa vyuma vyepesi. Fundi alikwenda kila siku kutazama, mikono nyuma. Siku ya ukaguzi Nyundo alijitoa kwa kuwa ni jirani, akawaachia wenzake. Kinyundo chao kiligonga chuma chote, chote kikalia kama kengele. Kadi mpya ikatoka, imeandikwa kuta zile na mzigo wake: viti tisini, si zaidi.

Wiki iliyofuata Mama Viti alishuka kilima kile kile, viti tisini nyuma, mama yake kando amefunga mkanda. Chini ya mteremko mkokoteni ukakatiza ghafla. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Viti vilikwaruzana, gari likasimama. Mkokoteni ukapita.

Mama Viti alizima injini, akashuka. Akauchomoa ufagio, akaurudisha, akauchomoa tena. Ulipita, na ngumi yake juu yake.

Mama yake alitoa kichwa dirishani.

"Wewe, ndiyo unataka kufagia barabara saa hizi?"

"Nakuja, mama," alisema Mama Viti, akiwa bado ameushika mpini kwa mikono miwili. "Nakuja."