Jiko Lililopona Lenyewe

Saa tatu na robo asubuhi, Alhamisi, shangazi alikutwa amelala kifudifudi mbele ya jiko la umeme, kitambaa cha kufutia mafuta kimo mkononi, na sakafu bado ina maji aliyopigia deki mwenyewe. Alikuwa peku. Aliyemkuta ni mke wa mtoto wa kaka yake, mwoka keki, aliyekuwa anatoka kuoga. Mume wa mwoka keki ndiye aliyezima swichi kuu. Mume huyo, yaani mtoto wa kaka, alilelewa na shangazi tangu ana miaka mitatu, na sasa alikuwa amekaa sebuleni analia kwa sauti.

Saa nne kasoro dakika kumi Inspekta aliingia jikoni akaziba pua. Kituoni walimwita Mama Kinyaa. Maiti alishazizoea miaka ishirini, lakini jiko chafu lilimtapisha, na hili lilikuwa chafu kweli. Kwa mbele lilimeta, maana ndiko wateja wa keki walikoangalia. Alipohakikisha umeme umekatwa na kulivuta kutoka ukutani, aliona mafuta yameganda unene wa kidole, sukari imegeuka lami, na mende wamekwama humo, wengine wakichezesha miguu. Nyama ya siku nyingi ilikuwa imeota manyoya. Inspekta alitoka nje, akatema mate, akarudi, akapiga magoti. Kazi ni kazi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kifuniko cha bati, akakifungua akaona nyaya zinakoingilia. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaolinda mtu asirushwe bati likishika umeme, ulikuwa umeachwa pembeni, haujafungwa popote.

"Si mnaona wenyewe," mume alisema kutoka mlangoni. "Fundi amemuua shangazi yangu. Amefunga hili jiko la mtumba wiki tatu zilizopita na waya ameuacha unaning'inia. Mpumbavu yule hakufaa kufunga hata kengele ya mlango."

"Wewe umewahi kuligusa huku nyuma?"

"Mimi? Na umeme? Hata balbu naogopa kubadilisha."

Fundi alikamatwa kabla ya saa sita. Alikuwa mtu mzima, ametulia, mikono ameiweka magotini.

"Waya wa ethi uliukaza?" Inspekta aliuliza.

"Niliukaza, afande."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika mpaka leo asubuhi. Tangu waniambie, najiuliza. Labda niliitwa chai nikasahau. Majiko nimefunga mengi."

"Unajua kama ulisahau umeua mtu?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki kukuambia uongo."

Inspekta alimpenda kwa jibu hilo, lakini mapenzi si ushahidi. Saa saba na nusu alirudi kwenye ile nyumba, akajifunga kitambaa puani, akalala ubavu kwenye yale mafuta na tochi yake.

Ncha ya waya wa ethi ilikuwa imebonyea, na alama ya skrubu imo kwenye shaba. Waya ambao haujawahi kukazwa haubonyei. Tena ncha ile ilikuwa imezungushiwa utepe, na fundi aliyesahau waya hawezi kukumbuka kuufunga utepe. Wala haukuwa utepe mweusi wa mafundi. Ulikuwa ule wa gundi wa kufungia maboksi, wa dhahabu unaong'aa, na rola yake ilikuwa mezani, kando ya maboksi ya keki.

Kwa hiyo ni mtu wa humu ndani. Humu waliishi watu watatu, na mmoja yuko mochwari.

Alianza na mwoka keki. Majirani walishamwambia kwamba yeye na shangazi hawakupikika chungu kimoja, na mwanamke mwenyewe hakukataa.

"Tulikuwa tunagombana, ndiyo. Aliona naharibu unga. Lakini kumuua, hapana."

"Utepe huu ni wako?"

"Ni wangu. Hukaa hapo mezani, yeyote anauchukua."

"Jiko limewahi kusumbua?"

"Jumatatu lilinitesa. Kila nikiwasha oveni, breka inajikata, umeme nyumba nzima kwisha. Mara nne. Mume wangu akampigia fundi, nikaenda kupeleka keki ya watu. Niliporudi jioni akaniambia fundi kasema tuendelee tu, ni jiko geni. Jumanne likawa zima. Lilipona lenyewe."

Inspekta aliacha kuandika. Mafua hupona yenyewe. Umeme hauna tabia hiyo.

"Jumatatu ulipotoka, nyumbani alibaki nani?"

"Mume wangu na shangazi."

Vidole vya shangazi Inspekta aliviona asubuhi. Vilipindwa na baridi yabisi, hata kifungo cha gauni alifungiwa na mtu. Jiko lile asingeweza kulivuta, seuze kufungua skrubu.

"Baada ya Jumatatu kuna kilichobadilika humu jikoni?"

Mwoka keki alifikiri. "Mume wangu aliniletea kandambili za mpira, akasema nisiingie jikoni bila kuzivaa, sakafu inateleza. Na kila asubuhi, akishawasha oveni, alikuwa anamwita shangazi alifute jiko kwanza ndipo mimi nianze. Nikasema leo mume wangu kanionea huruma. Jana shangazi alilalamika mkono unamfa ganzi akifuta. Mume wangu akamwambia ni hiyo hiyo baridi yabisi."

Alisikia maneno yake mwenyewe. Alikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa aproni.

Inspekta alikwenda karoni kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, na hakuona kama ametakata.

Saa kumi alasiri aliwakalisha mume na mke sebuleni. Fundi aliletwa pia, yuko chini ya ulinzi, akasimama karibu na mlango.

"Fundi, Jumatatu ulipopigiwa simu ulisema nini?"

"Nilisema koili ya oveni imepasuka, umeme unavujia kwenye bati, na breka inajikata ili kuwaokoa. Wazime wasiliguse, Jumamosi naleta koili mpya. Kule kituoni uliniuliza waya tu, afande."

"Mwongo," mume alisema.

"Gundi ya utepe hushika alama za vidole vizuri kuliko kioo," Inspekta alimwambia mume. "Huu nimeshaupeleka kupimwa. Unataka tungoje majibu, au utasema?"

Mume alimtazama mkewe, mkewe akatazama ukuta.

"Keki ya harusi ilikuwa ya Ijumaa," mume alisema mwishowe. "Ghorofa tano. Tungewaambia nini watu? Rafiki yangu mmoja alishaniambia ukitoa ule waya breka inaacha kusumbua. Ni siku nne tu, afande. Jumamosi ningeurudisha."

"Ulijua bati lina umeme."

"Linatekenya tu. Haliui."

"Ulijuaje kwamba haliui?"

"Si Jumanne na Jumatano shangazi alilishika na hakupatwa na..."

Hakumaliza.

"Kwa nini hukulishika wewe?" Inspekta aliuliza.

"Mimi nina presha. Daktari amenikataza mishtuko."

Mama Kinyaa alikuwa ameona walevi wamechinjana kwa kopo la pombe, na ndugu wamegombea godoro la marehemu kabla maiti haijapoa. Lakini mtu aliyebebwa mgongoni na mwanamke, akakua, kisha akautumia mkono wa mwanamke huyo kama testa ya kupimia umeme, na bado anataka kuhurumiwa presha yake, huyu alikuwa mgeni kwake. Ushahidi uko vile vile, iwe ni presha au si presha. Alimwambia askari amfunge pingu, maana yeye mwenyewe hakutaka kumgusa.

Mume alipotolewa, alimwita mkewe mara mbili. Mwoka keki hakuitika.

Inspekta alimfungulia fundi pingu. "Waya uliukaza vizuri. Nimeona alama ya skrubu. Nenda nyumbani, huna kosa lolote."

Fundi hakuondoka. Alisugua viganja vyake, akatazama kule jikoni.

"Siku ile nafunga, bibi alikuwa analiogopa hili jiko," alisema. "Alisimama mbali, akaniuliza, mwanangu, halitaniua? Nikacheka. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya bati. Nikamwambia, bibi, hili nimelifunga mimi. Usiliogope tena."