Santuri Laini ya Shangazi Ozelia

Jumatatu mtaani kwetu New Orleans ni siku ya kufua nguo na kupika maharage mekundu. Jumatatu hiyo ya mwaka 1951 maharage yalikuwa yanachemka jikoni, Shangazi Ozelia anaanika mashuka uani, nami niko sebuleni nimeshika santuri yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na fahari isiyonienea kifuani.

Shangazi ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kuongoza bendi yake mwenyewe na kurekodi bluzi, zile za kuchezeka. Ijumaa nilikwenda naye studio. Kipaza sauti kilikuwa kimoja kwa watu wote, hivyo mpiga saksafoni alisimamishwa nje ya mlango asije akaimeza sauti ya Shangazi. Mpiga ngoma akikohoa, wote wanaanza upya. Waliurudia wimbo mara kumi na moja. Wimbo ulinaswa kwenye utepe wa sumaku, na kutoka kwenye utepe huo fundi, Bwana Cassimir, akatukatia santuri moja ya majaribio ya kupelekwa redioni Jumatatu jioni.

"Hii ni laini, Verlie," Shangazi aliniambia. "Sindano ya gramafoni inaikwangua. Usiiguse."

Niliigusa. Rafiki yangu Oralee alikuwa amekuja, na alikuwa haamini.

"Shangazi yako kaimba kwenye santuri? Acha kunidanganya."

Basi nikaiweka kwenye gramafoni. Tulicheza mpaka mbao za sakafu zikalia. Tukairudia, tukairudia tena. Mara ya saba sauti ya Shangazi ilizama ndani ya mkwaruzo, kama mtu anayeimba huku vitunguu vinakaangwa. Niliinua sindano haraka.

"Irudishe kwenye bahasha," Oralee alinong'ona. "Watadhani mashine ya redio ndiyo mbovu."

Niliirudisha kweli. Lakini nikamkumbuka Shangazi Ijumaa ile, shingo imelowa jasho, akisema, "Tuanze tena." Nikatoka uani.

"Shangazi, nimeicheza santuri. Imeharibika."

Alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja.

"Umeicheza mara ngapi?"

"Mbili."

Akanisogelea, akaniinua kidevu.

"Saba," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi."

"Saa tisa Cassimir anarekodi kwaya ya kanisa juu ya utepe wangu. Hana utepe mwingine. Kimbia!"

Tulikimbia mitaa minne, Shangazi na aproni yake, nywele zimefungwa kitambaa, yeye ambaye haendi hata dukani bila kupaka rangi ya mdomo. Tulipoufungua mlango wa studio, kwaya ilikuwa imejipanga na Bwana Cassimir ameshapeleka kidole kwenye kitufe.

"Cassimir, usiguse!"

Kwa sauti ile, kipaza sauti kingekuwa cha nini? Kidole kiliganda.

"Bi Ozelia," alisema, "ungechelewa dakika mbili tu, ningekuwa nimeshakufuta."

Akaurudisha utepe nyuma na kukata santuri nyingine. Wimbo ulipokuwa unalia, niliona viatu vya akina mama wa kanisa vikigonga sakafu polepole, nyuso zao zikijifanya hazijui. Nilicheka huku kamasi zinanitoka.

Njiani kuelekea redioni Shangazi alinishika mkono.

"Umenikosea, na mwezi mzima utafua wewe. Lakini sikiliza. Studio nilikosea mara kumi. Kila nilipokosea nilisema palepale, tukaanza upya. Ningenyamaza, kosa lingebaki kwenye santuri milele. Wewe leo ungenyamaza mpaka jioni, kazi yangu yote ingekuwa imefutika. Ukikosea, sema wakati kosa bado linaweza kutengenezwa. Na useme saba, siyo mbili."

"Ndiyo, Shangazi."

Saa kumi na mbili jioni redio zote za mtaa zilikuwa madirishani. Jina la Shangazi lilipotajwa, Oralee alinikumbatia na watu wakaanza kucheza barabarani. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Ndipo harufu ikatufikia. Shangazi aliingia jikoni mbio, akafunua sufuria, akatazama kitu cheusi kilichokuwa maharage. Akarudi kibarazani, mikono kiunoni.

"Leo tunakula wali mtupu," alitangaza mbele ya watu wote. "Nimeyaunguza mimi, na ninasema mapema."