Injini Iliyorudishwa Nyumbani

Asubuhi ile Loretta alisikia harufu ya nyama inayoungua, akadhani ni kifungua kinywa. Alipogeuka alimkuta mumewe, Harlan, ameshika mpini wa kikaango cha chuma kwa kiganja kitupu, kikaango kimetoka motoni sasa hivi, naye anatazama nje ya dirisha kama mtu anayengoja basi. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kati ya vidole vyake.

"Harlan," alimwambia, "mkono wako."

Harlan aliutazama mkono, akakiweka kikaango mezani, akaketi kula. Loretta alipomfunga kidonda, ngozi ilibaki kwenye kitambaa, na mwanamume hakukunja hata uso. Alisema tu kwamba siku hizi mikono yake imelala kidogo.

Katika upande ule wa Pennsylvania kila mtu alimjua Harlan Zettlemoyer kwa ugonjwa wake mmoja, nao ulikuwa magari. Si magari yoyote. Alitafuta yale ya zamani ya milango miwili na pua ndefu. Enzi zile vijana wa huko walikuwa wakishindana barabarani kila Jumamosi, na duka la Weidner liliyapokea magari mapya kutoka kiwandani, likang'oa injini, likatia nyingine kubwa zaidi, ndipo likamkabidhi mteja. Yalikuwa machache tangu mwanzo, na mengi yaliishia kwenye miti. Duka lenyewe liliungua na kila kilichokuwamo, kwa hiyo historia ya gari ilibidi itafutwe midomoni mwa watu. Harlan alihama jiko moja hadi jingine, akila pai za wajane asizozitaka, akiuliza gari liliuzwa kwa nani, nani aliligongesha, injini yake ilikwenda wapi. Kwa wenye ugonjwa ule, gari lililotengana na injini yake ni nusu gari. Vikikutanishwa tena, wanaume wazima huvua kofia.

Loretta alikuwa amezoea. Alimtania kwamba siku yeye akipotea, Harlan atawaambia polisi namba ya injini yake kwanza, rangi ya macho baadaye. Harlan alikuwa akicheka mpaka machozi. Alikuwa mtu wa kulia harusini na kucheka kanisani, na Loretta aliolewa naye kwa sababu hiyo hasa.

Kisha likaja gari la kijani. Lilitoka katika banda la ng'ombe la akina Hostetter, mpwa wa mbali alipouza shamba na vyote vilivyokuwamo. Halikuwa na injini. Harlan aliitafuta mpaka akaipata nyuma ya mlima, ikiendesha msumeno wa kiwanda cha mbao, imejaa vumbi na mafuta. Fundi wa Weidner alikuwa na mazoea ya kupiga nyota iliyopinda kwa patasi, moja kwenye injini na moja kwenye bodi, na nyota hizi mbili zilifanana kama mapacha. Harlan alizipapasa kwa kidole, akalia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kulia.

Mahali injini inapokaa, chini ya boneti, palikuwa pamefungwa nyuzi nyekundu zenye mafundo mengi. Harlan alizikata. Loretta alipomuuliza, alimjibu kwamba hazikutoka Weidner, na kitu ambacho hakikuja na gari hakina haki ya kukaa garini. Alizitia kwenye chupa ya achari, akaiweka rafuni, maana watu wale hawatupi kitu. Jumapili ile ile, baada ya ibada, aliirudisha injini mahali pake.

Tangu hapo mbwa hakukanyaga gereji. Harufu ya petroli iliingia mpaka kwenye shuka zilizofuliwa. Mchana, Loretta akimenya viazi, alisikia injini ikinguruma taratibu chini ya sakafu, vikombe vikigongana kabatini, na ufunguo wa gari unaning'inia ukutani mbele ya macho yake. Alidhani ni lori barabarani. Aliendelea kujiambia hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyoamini.

Na Harlan alikuwa akiketi garini. Alianza kwa dakika chache baada ya chakula, akaishia kushinda humo. Dada yake alipofariki, alipokea simu, akasema sawa, akarudi kuketi.

Siku ile ya kikaango Loretta alimfuata gereji kumwita mezani. Jua lilikuwa la saa sita, mlango wa gereji uko wazi, na bado ndani palikuwa na baridi ya friji. Harlan ameketi nyuma ya usukani, mguu wake wa kulia ukikanyaga mafuta na kuachia, ukikanyaga na kuachia, macho yako mbele kwenye ukuta kana kwamba ukuta unamjia, na Loretta alipokaribia aone anachokitazama aliona kwamba kiti cha pili, kile kitupu, kimebonyea kama kinavyobonyea chini ya mtu mzito, na mkanda wake umefungwa, umekaza, umeshika umbo la kifua kisichokuwapo, na kifua hicho kilikuwa kikipanda na kushuka sawasawa na cha mumewe, pumzi kwa pumzi, mpaka akashindwa kujua ni nani anayempumulia mwenzake.

Alijishika kwenye boneti. Ganzi ikamwingia kiganjani, ikapanda hadi kwenye kiwiko. Palepale hofu yote ikamtoka. Alisimama akikitazama kiti kile bila kujali lolote, ametulia kabisa, na kama mbwa asingebweka nje angesimama hapo mpaka jioni. Utulivu ule ndio uliomtisha baadaye, alipokuwa barabarani, ana chupa ya achari mapajani.

Wa akina Hostetter alikuwa amebaki mmoja tu pale kijijini, Verna, bibi kizee anayeishi nyuma ya kanisa na kutibu watu kwa maombi ya kunong'ona, kama walivyotibu wazee wa Kijerumani wa sehemu zile kabla ya madaktari. Aliiona chupa kabla hajaona uso wa mgeni.

"Nani amezikata?" aliuliza.

"Mume wangu. Ameirudisha injini."

Verna aliketi polepole. Alisimulia bila kupandisha sauti. Gari lilikuwa la kaka yake, Leon, kijana mcheshi, aliyelileta nyumbani kutoka Weidner akipiga honi njia nzima. Kabla mahindi hayajavunwa alikuwa hacheki tena. Kwanza mikono, halafu moyo. Wakati wa theluji walimkuta amekufa kwa baridi ndani ya gari, mlango uko wazi, taa za jikoni zinamwangaza usoni. Hakuwa ameisikia baridi. Kilichomla hawakukijua kilitoka wapi. Walijua tu kwamba kinapenda vile viwili vikiwa pamoja. Wiki moja baada ya mazishi baba yake naye akaanza kwenda kuketi.

"Mama yangu ndiye aliyezifunga hizi," Verna alisema. "Injini ikatolewa, baba akapona. Alilia miezi mitatu mfululizo, alikuwa na deni la machozi."

"Basi tuitoe leo."

"Haitoki hivihivi, mwanangu. Injini ikiinuliwa lazima pawe na mtu kwenye kiti. Kile hakikubali kubaki mikono mitupu. Kinamwachia mtu pale tu kinapompata anayempenda. Ningeketi mimi, nimekwisha kula chumvi yangu, lakini mumeo simjui hata kwa sura."

Loretta aliuliza ni nani aliyemketia baba yake.

Verna alianza kukunjua uzi mpya mwekundu. "Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo," alisema. "Alitupikia, alitufulia. Tulipomzika baba alisimama pale akikagua kama nimefunga vifungo vya koti."

Walirudi pamoja. Harlan hakutaka kutoka garini, wala hakukataa. Hakusikia tu. Loretta alimwita kwa majina yote waliyowahi kuitana, hata yale ya fungate, ikawa kama anaongea na mlango. Ndipo akaona njia. Aliinamia dirisha, akasema uongo mmoja tu ambao mtu yule hangeweza kuuacha upite.

"Harlan. Ile nyota siyo. Umeweka injini ya gari lingine."

Mguu ulisita. Harlan akageuka. Usoni hapakuwa na hasira wala aibu, lakini mikono iliyofanya kazi moja miaka yote ilijua inachotakiwa kufanya. Alishuka, akachukua spana.

Verna alisimama mbele ya gari akinong'ona, uzi vidoleni. Bolti zikafunguliwa moja moja. Harlan alipoanza kuvuta mnyororo wa kunyanyulia, Loretta alifungua mlango wa dereva, akaketi. Verna alimwangalia kupitia kioo cha mbele, akainua nyusi kumuuliza kama ana hakika. Loretta alikuwa akilia waziwazi, kwa uchungu na kwa woga, na alijitahidi kulia zaidi, ayamalize yote wakati bado ni yake. Kando yake kiti kikabonyea. Mkanda ukalia, *tak*, ukajifunga. Kitu kikamshika mkono, kwa upole, kama mchumba.

Injini ikainuka. Verna akafunga fundo la mwisho.

Harlan alipiga ukelele, akaangusha mnyororo, akaushika mkono wake ulioungua akiruka kwa mguu mmoja na kutukana mpaka mbwa akaja mbio kumlamba. Kisha akakumbuka dada yake. Alilia sakafuni mwa gereji, kichwa mapajani mwa bibi asiyemjua, jioni nzima.

Injini waliipeleka mbali. Wiki zile Harlan alikuwa kama mtu aliyetoka gerezani. Alicheka na redio, aliungua ulimi kwa supu akafurahi, alimshika mkewe kiunoni akamchezesha jikoni. Loretta aliviona vyote. Ndivyo alivyovitaka, alijua hilo vizuri, na kila asubuhi aliketi akingoja furaha yake ifike.

Asubuhi moja Harlan alimwekea kikombe cha kahawa inayochemka. Loretta alikizungushia viganja vyote viwili, akakishika.

"Mke wangu," Harlan alisema, bado anatabasamu, akitazama chini ya meza. "Huo mguu wako unakanyaga nini?"