Popo Si Shakwe

Darini kwetu kulikuwa na popo. Kinyesi kilidondoka mpaka kwenye sufuria. Nilienda kwa wakubwa mpaka soli zikaisha. Jibu ni lile lile: "Njoo kesho." Hata mke wangu, miaka mingi nyuma, hospitalini walimwambia asubiri. Alijifungulia nje, mlango wa wodi umefungwa. Akafa, akaniachia binti.

Nikasema, nitafanya mwenyewe. Mimi ni fundi wa mabati. Niliwahi kuwafukuza shakwe, wale ndege weupe wa baharini, kwenye paa la ghala la samaki. Usiku walilala pale, mchana walienda kuvua. Adhuhuri nikatandaza wavu. Waliporudi, wakakuta pamefunikwa, wakaenda zao.

Popo nao nikawafanyia hivyo hivyo. Adhuhuri, jua kali, nikaziba tundu lao kwa bati.

Jioni dari ikaanza kukwaruza na kulia.

"Baba, umefungia nini humo?" binti yangu akauliza, huku akimnyonyesha mwanawe.

"Hamna kitu. Ndege wametoka."

Jirani yetu, bwana afya, akasikia.

"Mzee, umeziba saa ngapi?"

"Adhuhuri. Kama shakwe."

Akashika kichwa. "Lo! Shakwe mchana yuko kazini. Popo mchana amelala. Umewafungia ndani!"

"Si ndege wote hao?"

"Popo si ndege. Shakwe hutaga mayai, makinda huwalisha samaki. Popo ana meno, bawa lake ni ngozi. Anazaa, ananyonyesha. Na sasa wana watoto."

"Wananyonyesha?" Binti yangu akanitazama, kisha akamtazama mwanawe.

Nikatafuta mkubwa wa kumlaumu. Sikumpata. Mlango huu niliufunga mimi. Nikainamisha uso kama mwizi.

Nikachukua ngazi.

"Vaa glavu nene," jirani akasema. "Popo hashikwi kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, kisha mbio hospitali. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa."

Nikang'oa bati. Wakamiminika nje.

"Fundi gani huyu, anabomoa kazi yake siku ile ile!" jirani akacheka. Mimi sikucheka.

Tukafunika sufuria, tukangoja watoto wa popo wajue kuruka. Kisha tukaning'iniza wavu tunduni, umelegea chini: popo anatoka, kurudi hawezi. Jioni kadhaa zikapita, hakutoka tena hata mmoja.

Binti yangu akanishikia ngazi. Nikainua nyundo.

"Una hakika, baba?"

Nikaishusha. Nikatega sikio kwenye tundu, muda mrefu.

Kimya.

Ndipo nikaziba. Sufuria zetu sasa ni safi, na darini hakuna aliyekufa.