Mteja wa Faniry

Soko la Analakely lilikuwa limefurika hadi kwenye ngazi za mawe, na wanafunzi wa Mwalimu Vololona walikuwa wamesimama nyuma ya meza yao kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Chupa za achari ya maembe zilimeta mbele yao, na hakuna aliyenunua hata moja. Hivyo ndivyo Vololona alivyofundisha pale chuoni: biashara haisomwi kwenye dawati, nendeni mkauze, mkishindwa tutazungumza kwa nini. Leo hata yeye roho ilikuwa juu.

"Achari! Nunueni achari!" Faniry, msichana mwembamba kuliko wote, alijikakamua kwa sauti iliyoishia kooni.

"Mdogo wangu, unauza au unafukuza mwizi?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, kofia ya ukindu kichwani, shuka la hariri begani. "Waombe radhi kwanza. Waambie wewe ni mdogo, hustahili kusema mbele yao, ila achari hii imekulazimisha."

Faniry akajaribu. Mama mmoja akasimama, akacheka, akanunua. Wakaja wengine, mara meza ikazingirwa. Vololona alihisi mwili ukimsisimka. Ile radhi wanayoomba wasemaji wa kabary, hotuba za jadi, kila harusi na kila msiba, leo imeuza achari!

"Wewe ni nani?" alimuuliza.

"Tahiry. Nakodishwa kusema kwenye posa za watu. Na wewe, mwalimu, nani anakusemea?"

"Mdomo ninao."

"Nauona. Na ni mzuri."

Vololona aligeuka kuhesabu chupa, asionekane anavyotabasamu.

Tangu hapo simu hazikukoma. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula vitumbua viwili." "Viwili tu? Nije kuoa mifupa?" "Nani kasema utanioa?" Alasiri moja kando ya Ziwa Anosy, mijakaranda imechanua zambarau tupu, Tahiry alimshika mkono akasema, "Kabla yako nilikuwa jiko lisilowashwa." Vololona alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Mradi uliofuata wa wanafunzi ulikuwa kuandaa posa ya familia moja tajiri, kuanzia viti hadi chakula. Vololona alisimama nyuma kabisa, kavaa gauni lake la buluu, akimtazama Tahiry akimsemea bwana harusi. Wazee walitikisa vichwa kwa raha. Ajabu gani hii, aliwaza, mtu mmoja kubeba mioyo ya ukumbi mzima kwa ulimi! Kisha akasikia:

"Kabla ya binti yenu, kijana wetu alikuwa jiko lisilowashwa."

Ukumbi ukaguna kwa utamu. Vololona akatoka bila kuaga.

Simu iliita hata hajafika kwake.

"Volo, mpenzi, mbona umeondoka?"

"Unanipigia mwenyewe, au unamwakilisha mtu?"

"Yale maneno yalinitoka tu. Ni kazi."

"Kumbe mimi nilikuwa mazoezi."

"Basi nikwambie nini uniamini?"

"Hapo ndipo penye shida, Tahiry. Lolote utakalosema litakuwa zuri."

Akakata, akalia hadi macho yakavimba. Alimpenda, na hakuona njia yoyote ya kujua kama naye anapendwa.

Wiki kadhaa baadaye jamaa za Tahiry wakaomba kuja kuposa.

"Baba, sitaki," alisema Vololona.

"Utakataa wakishasema. Kumkataa mtu hajafungua mdomo ni kukosa adabu."

Jumapili wakaja. Vololona alikaa akichungulia nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, baba yake mdogo akiwa msemaji wa upande wao. Kila mtu alitaka kumwona aliyekodishwa na bingwa mwenyewe. Akainuka Faniry, shuka begani.

Vololona alilikamata pazia. Muhula ule alikuwa amemtaka kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli na kumhudumia, na Faniry alisema tu, "Nimempata, mwalimu, ila ni mgumu kidogo."

Faniry akaomba radhi kwa wazee, akaomba radhi kwa kuwa binti na kuwa mdogo, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Ndiye huyu wa sokoni? Machozi yalimtoka Vololona asijue ni ya fahari au ya hofu.

"Mbona msemaji wa mji mzima amekuja kusemewa?" aliuliza baba mdogo.

"Wazee wangu, maneno yake mazuri yote ameshayauza. Limebaki moja, nami nimekataa kumsemea. Aseme mwenyewe."

Minong'ono ikazuka. Muoaji hukaa kimya siku hiyo, akifungua mdomo hutozwa faini.

Tahiry alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Jasho lilimtiririka.

"Vololona," alisema. "Naogopa. Naogopa utakataa."

Hakuwa na zaidi. Vololona hakuwahi kusikia maneno makubwa kama hayo maishani mwake. Alilisukuma pazia, akajitokeza mbele ya wazee wote.

"Sikatai."

"Faini!" baba mdogo alijipiga paja. "Tena mbili! Muoaji kasema, na bibi harusi kajibu!"

Nyumba ikaangua kicheko, na baba yake Vololona akawa wa kwanza kutia mkono mfukoni, akalipa ya binti yake.