Mama Pacha Anachagua Kamera

Kazi ya Mama Pacha haikai nyumbani. Mume wake, Baba Pacha, ni fundi wa kuchomelea. Akitengeneza geti, geti linabaki pale mtaani miaka na miaka, na kila akipita analitupia jicho. Lakini Mama Pacha ni msusi. Anasuka kichwa tangu asubuhi hadi mchana. Mteja anajitazama kwenye kioo, anatabasamu, anaondoka. Baada ya wiki chache nywele zinafumuliwa, na hapo kazi imekwisha kabisa.

Anasukia sebuleni. Mteja anakaa chini kwenye kigoda, yeye anakaa nyuma yake kwenye kochi. Mkono mmoja una chanuo, mwingine una mafuta, na mdomo una habari za mtaa mzima. Mtindo uliompa sifa anauita Kitako cha Kikapu. Mistari myembamba inaanzia utosini, inazunguka na kuzunguka mpaka inafika masikioni. Wasusi wengine wamejaribu kuuiga, wakaishia kushika viuno.

Siku moja mteja alimletea habari. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ususi. Mama Pacha hakungoja kusimuliwa mara mbili. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe kumwona mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache.

"Nimesikia unajua kusuka," mkuu wa chuo alimwambia. "Lakini kamati haiwezi kuajiri sifa. Tuletee picha za kazi zako. Kila mstari uonekane. Tunakaa mwisho wa mwezi."

Mama Pacha alirudi nyumbani roho juu. Aliitaka sana kazi hiyo. Mgongo ulikuwa umechoka kuinama, ni kweli. Lakini alikuwa pia na jambo moyoni ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alitaka kufundisha. Alitaka mtindo wake ubaki mikononi mwa wengine hata siku atakapoacha kusuka. Sasa yote hayo yalitegemea picha, na yeye hakuwa na picha hata moja. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupigiwa tu.

"Tununue kamera," alisema Baba Pacha wakati wa chakula. "Ndogo, ya bei nafuu. Niachie mimi."

"Wewe unajua kamera?"

"Ninajua vitu. Kitu kizuri kina uzito, kitu cha ovyo ni chepesi. Nimeshika chuma maisha yangu yote, mke wangu. Mkono huu haudanganyiki."

Basi mkono usiodanganyika ukaenda dukani. Baba Pacha alizipima kamera moja moja, kama mtu anayenunua nyundo. Akachagua iliyokuwa nzito kuliko zote. Boksi lake lilikuwa na namba kubwa ya megapikseli kwa wino mwekundu. Chini yake ilikuwepo namba nyingine ya zumu, ya kuvuta vitu vya mbali, nayo kubwa. Muuza duka alimsogeza mlangoni, penye jua, akamwambia ajaribu. Baba Pacha akapiga picha maua ya plastiki yaliyokuwa pale. Kwenye kioo cha kamera maua yalipendeza kuliko yalivyo. Akalipa, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake Mama Pacha alimaliza kumsuka muuza mboga, mwanamke asiyeishiwa utani. Akaichukua kamera, akabonyeza kitufe. Kamera ikafikiria kwanza. Ilipokuja kupiga, muuza mboga alikuwa ameshageuka kuuliza kama tayari. Mama Pacha akapiga tena. Safari hii kichwa kilitulia, lakini mistari haikuonekana. Palikuwa na kitu cheusi tu, kizima.

"Hiki ni kichwa changu au ni sufuria?" aliuliza muuza mboga.

Wakawasha flashi. Ikawa mbaya zaidi. Mafuta ya nywele yaling'aa meupe na paji la uso likapauka. Wakavuta zumu mpaka mwisho, na picha ikakatika vipande vipande. Muuza mboga alijishika mbavu kwa kicheko. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anaiona kamati ikigeuza picha hizo mezani, moja baada ya nyingine, na mkuu wa chuo akizirudisha kwenye bahasha bila kusema neno.

Jioni Baba Pacha alijaribu mwenyewe. Alipiga kushoto, akapiga kulia, akapiga magoti. Sufuria zile zile. Akaiweka kamera mezani taratibu, akaanza kutafuta kazi ya kufanya jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hana kazi.

Mlango wa pili anaishi mwanamke mwenye studio ndogo ya picha za vitambulisho. Watoto wa mtaa wanamwita Bi Usicheke, kwa sababu kila anayekaa mbele ya kamera yake huambiwa hivyo. Yeye mwenyewe hucheka kutwa nzima. Siku iliyofuata alikuja kusukwa, na Mama Pacha akampa kamera ile kabla hata hajakaa.

"Dada, hebu nitazamie hii. Nimechoka nayo."

Bi Usicheke aliigeuza, akaangalia picha, kisha akamtazama Baba Pacha.

"Shemeji, ulichaguaje?"

"Kwa uzito," alisema Baba Pacha. "Na kwa namba. Si namba ikiwa kubwa picha inakuwa nzuri?"

"Uzito ni wa kuchagulia mageti. Na hiyo namba inakuambia picha inaweza kuchapishwa kwenye karatasi kubwa kiasi gani. Haikuambii kama itakuwa safi. Mke wako anataka kubandika picha ukuta mzima?"

"Hapana. Anataka za kushika mkononi."

"Basi hata namba ndogo inamtosha. Sikiliza. Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga. Ukitaka namba kubwa kwenye kipande kidogo, ni kama kualika wageni wengi kwenye chungu kimoja. Kila mmoja anapata kijiko. Mwanga ukiwa mwingi, kama pale mlangoni dukani, wote wanashiba. Ukiwa hafifu, kama humu sebuleni, picha inatoka na giza."

Baba Pacha alikuna kichwa. "Na zumu?"

"Zumu ziko mbili. Moja ni ya lenzi. Unaiona lenzi inatoka nje, na picha inabaki safi. Nyingine haisogezi kitu. Inakata kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana inavunjika. Hii yako lenzi imetoka?"

"Haijatoka hata kidogo."

"Tena kazi ya kusuka haihitaji kuona mbali. Inahitaji kuona karibu. Tafuta kamera yenye alama ya ua. Ukiwasha ua, inaweza kupiga kitu kilicho karibu sana. Hapo ndipo mistari itatokea."

Mama Pacha aliacha chanuo. "Kwa hiyo tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Risiti mnayo?" aliuliza Bi Usicheke.

"Ipo, na boksi lipo," alisema Baba Pacha, na sauti yake ikapanda kidogo. "Hilo niliuliza kabla ya kulipa. Mimi nawapa wateja wangu dhamana, kwa nini nisidai yangu? Tuna wiki nzima ya kubadilisha."

"Hapo shemeji umenunua kama mtu mzima. Kesho twendeni. Na tubebe kichwa."

"Kichwa gani?"

"Kilichosukwa. Kamera inajaribiwa kwa kile utakachokipiga picha. Nyie hamtaajiriwa kwa maua ya plastiki."

Asubuhi Mama Pacha alimkalisha mmoja wa mapacha wake, msichana wa kidato cha pili, akamsuka Kitako cha Kikapu.

"Mkinunua kitu nyie, kichwa changu ndicho kinachopata taabu," alilalamika msichana. Hata hivyo alikwenda dukani shingo juu, kwa sababu alijua amependeza.

Muuza duka alipoona ujumbe huo unaingia, alitaka kuwasogeza mlangoni.

"Hapana, kaka," alisema Mama Pacha. "Mimi nafanya kazi ndani. Nataka kona ile ya nyuma."

Msichana akakaa kwenye kona. Walianza na kamera ya Baba Pacha. Kisha muuza duka akaleta nyingine, ndogo, iliyokuwa rafu ya chini na bei yake chini vilevile. Namba kwenye boksi ilikuwa ndogo. Lenzi ilitoka nje ilipowashwa, na alama ya ua ilikuwepo. Baba Pacha aliishika, akaipima.

"Nyepesi kama biskuti," alinong'ona. Lakini akampa mke wake.

Bi Usicheke hakuigusa. Alimwachia Mama Pacha. "Zima flashi. Washa ua. Bana viwiko kwenye mbavu mkono usitikisike. Sasa bonyeza kitufe nusu tu, ungoje."

"Kisanduku cha kijani kimetokea."

"Maana yake kamera imeona. Malizia kubonyeza."

Ikalia mara moja. Mama Pacha akakuza picha kwenye kioo cha kamera, kama alivyoelekezwa, akaipitisha polepole kutoka utosini mpaka sikioni. Wote wakamngoja.

"Mstari huu umepinda," alisema. "Hapa juu ya sikio. Niliharakisha."

Muuza duka alikuwa mwepesi. "Mama, ile ya kwanza haina tatizo hilo. Angalia, imelainisha, inapendeza."

"Haijalainisha, imeficha," alisema Mama Pacha. "Mimi nataka hii. Inayonionyesha nilipokosea ndiyo itakayonionyesha nilipopatia."

Bi Usicheke alicheka mpaka akaegemea kaunta. Yeye hakuwa amefundisha hilo.

Kabla ya kubadilishana, Mama Pacha aliuliza maswali mwenyewe. Betri ni ya kuchaji? Ikichakaa, nyingine zinapatikana hapa? Kadi ya kutunzia picha imo ndani ya boksi? Haikuwemo. Akataka kadi iingie kwenye fedha iliyozidi kutoka kamera ya kwanza. Muuza duka akakubali, na akaandika risiti mpya.

Nyumbani kigoda kilihamishwa. Bi Usicheke alikisogeza dirishani, mteja akakaa kiubavu. Mwanga ukawa unaingia kutoka pembeni, na kila mstari ukapata kivuli chake. Wiki ile na iliyofuata hakuna aliyesukwa akaondoka bila kupigwa picha. Muuza mboga alirudi kudai haki ya kichwa chake, na safari hii hakuna aliyetaja sufuria. Picha zikasafishwa kwenye studio ya Bi Usicheke, zikaingia kwenye bahasha.

Siku ya kamati, Mama Pacha alizipanga mezani. Wajumbe wakasogeza viti. Mmoja alifuata mstari kwa kidole, mpaka mwisho, bila kuupoteza. Mkuu wa chuo hakusifu. Aliuliza swali.

"Katika hizi, ipi mwanafunzi angekuletea ukamwambia afumue?"

Mama Pacha angeweza kusema hakuna. Kazi ilikuwa karibu, aliinusa. Badala yake akainama, akatazama picha zake kana kwamba zimesukwa na mtu mwingine. Mkono ukasimama juu ya picha ya muuza mboga.

"Hii," alisema, na sauti ikashuka. "Tazama hapa kwenye paji. Nimevuta mno. Ngozi imeinuka vipele vidogo. Huyu mteja lazima aliumwa kichwa siku ile, na kwa kunionea haya hakuniambia. Akiendelea kusukwa hivi, nywele za mbele zitakatika. Mkononi sikulijua hilo. Nimeliona sasa, kwenye picha."

Aliona aibu, na hakuificha. Mkuu wa chuo alivua miwani, akaisogelea picha. Kisha akakusanya zote, akazirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi.

"Jumatatu uje," alisema. "Na kamera yako."

Kabla ya Jumatatu Mama Pacha alikwenda kwa muuza mboga, akamfumua nywele za mbele, akamsuka upya kwa mkono mwepesi. Hakutaka malipo.

Jumatatu alisimama mbele ya wanafunzi wake wa kwanza. Walitarajia kuona Kitako cha Kikapu, maana sifa zake zilikuwa zimeshafika darasani kabla yake. Yeye akabandika ubaoni picha moja, ile ya muuza mboga, akawaambia watafute kosa. Walitafuta kwa muda. Msichana wa mstari wa mbele ndiye aliyeliona.

"Amevutwa sana hapa mbele," alisema, akakunja uso. "Maskini. Nani alimsuka huyu, mwalimu?"

"Mimi," alisema Mama Pacha. "Sogeeni karibu, mwone vizuri."