Duara Kwenye Kioo cha Juu

Jumatatu saa nane mchana Twiga alishuka kwenye ngazi akijisifu. Mke wake, aliyekuwa ameishikilia ngazi hiyo kwa chini, akamwambia kuna duara amelibakisha kule juu.

Twiga hakuzoea kuambiwa maneno kama hayo. Kwenye kazi ya kusafisha madirisha hakuwa na mpinzani, na sisemi mtaa ule tu, nasema nchi nzima. Alikuwa mrefu mpaka mvua ilikuwa inamlowesha yeye kwanza, wengine tunapata habari baadaye. Kioo akishakipitia yeye, nzi wanakuja mbio wanavunjika shingo. Kuna mama mmoja alirudi nyumbani kwake, akaangalia dirisha, akaita majirani kwamba ameibiwa vioo. Watu wa kushuhudia wapo mpaka leo.

"Duara gani, Mama Mapacha?" akamuuliza mkewe.

"Lile pale. Saizi ya sahani."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Mkunga, mkunga mstaafu aliyepokea watoto wengi mpaka nusu ya mji ikawa inamwamkia kama mzazi. Sebule yake ilikuwa na dari ya juu ajabu, ukipiga chafya unaisikia tena baada ya chai. Dirisha lilianzia usawa wa kiuno likaenda mpaka darini, safu saba za vioo, vyote vimekazwa kwenye fremu, hakuna kinachofunguka. Na nje ya dirisha hilo hakukuwa na barabara wala ua. Kulikuwa na uwazi mwembamba uliozungukwa na kuta za majirani, kama kisima kikavu, umeachwa tu ili mwanga ushuke. Hauna mlango. Hakuna mtu aliyewahi kusimama upande ule, na vumbi la miaka thelathini lilikuwa limeganda huko unaweza kupanda mahindi.

Kazi ilikuwa ni kusafisha upande wa ndani, basi. Binti wa Mama Mkunga angejifungua kwa upasuaji wiki ile, na Ijumaa angerudi na mtoto wake wa kwanza. Kwa sababu ya mshono asingeweza kwenda vyumba vya juu, kwa hiyo kitanda kimewekwa sebuleni, chini ya dirisha, ili yeye na mtoto wapate mwanga. Asubuhi ile Mama Mkunga alipokuwa anaondoka kwenda hospitali alimwambia Twiga hivi: ngazi yako inapoishia, hapo panatosha, kule juu uache.

Hakusema kwa nini. Aliamini hakuna ngazi itakayofika.

Kumbe kwa Twiga hayo yalikuwa matusi. Alichukua ngazi mbili akazifunga pamoja kwa kamba akapanda. Safu ya juu kabisa ilikuwa nyeupe, imepakwa chokaa kwa ndani, kioo hadi kioo. Twiga akacheka. Alishaona wapaka rangi wengi wavivu, wanaopaka ukuta na kioo pamoja wakaenda zao. Akatoa wembe, akaikwangua chokaa yote mpaka kikabaki kioo kitupu na lile vumbi la upande wa nje.

Sasa jua lilikuwa linaingia kwenye ule uwazi mara moja tu kwa siku, saa nane, kwa dakika kama kumi na tano. Na jua ndilo linaloumbua kazi ya kioo. Lilipoingia ndipo mke wake akaliona duara.

Twiga akapanda tena, akafuta. Halikutoka. Akapumulia, akafuta tena. Halikutoka, kwa sababu lilikuwa upande wa nje, kwenye vumbi. Mahali pamoja tu vumbi lilikuwa limeondolewa, safi kabisa, kama mtu anapofuta kioo kwa kiganja ili achungulie.

Akashuka akasema ni ndege.

"Ndege mwenye kiganja," mke wake akasema, akaenda kumwaga maji machafu.

Jumanne alikuwa kwenye safu ya tatu. Twiga ana utaratibu wake alioufundishwa na mjomba wake: upande wa ndani unafuta kwa kulala, kushoto kulia, upande wa nje unafuta kwa kusimama, juu chini. Hivyo mchirizi ukibaki, unajua mara moja uko upande gani. Na kitambaa kikavu kwenye kioo kina mlio wake. Kinalia kwii. Twiga akafuta, kwii. Akafuta, kwii. Akasimama kujifuta jasho, na kioo kikalia kwii.

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye paji la uso. Chini mke wake, naye amesikia, akaikaza ngazi kwa mikono yote miwili.

Saa nane jua likaingia. Safu ya juu ilikuwa imefutwa yote kwa nje. Ya pili pia. Haikuwa michirizi ya kulala wala ya kusimama. Ilikuwa miduara, midogo midogo, imepandana, kazi ya mtu asiye na haraka.

Jumatano Mama Mkunga akapiga simu. Binti amejifungua salama, mtoto wa kike, mapafu yake ni ya kuuza samaki. Akauliza dirisha limefikia wapi. Mke wa Twiga alikuwa amesimama pale pale, anamkazia macho mumewe, maana miduara ilikuwa imefika safu ya nne. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema: Mama, kuna kitu hapa.

"Mama, dirisha linang'aa," Twiga akasema. "Ndani na nje."

"Nje umefikaje?"

"Mama, mimi ndiye Twiga."

Mama Mkunga akacheka kicheko cha mtu anayemjua anayeongea naye, akakata simu.

Jioni, walipokuwa wanafunga ndoo, mke wake akamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo amejisifia kazi ya mwingine, na huyo mwingine amesikia.

Alhamisi kukaja harufu. Walipofungua tu mlango wa sebule iliwapiga, harufu ya vumbi lililopigwa na mvua, na chini ya hiyo, nyingine ya maziwa yaliyochacha, ingawa mvua haikunyesha na nyumba haikuwa na tone la maziwa. Wakafungua milango yote. Harufu haikutoka, ilihama tu, ikaenda kukaa karibu na kitanda. Safu ya tano ilikuwa imeshafutwa, na ya sita ilifutwa mbele ya macho yao saa nane mchana kweupe, duara baada ya duara, kwii, kwii, na nyuma ya miduara hiyo hakukuwa na mkono, kulikuwa na ukuta wa jirani tu na jua. Safu moja ilibaki, ile ya usawa wa kiuno, ambayo mtu aliyelala kitandani akigeuza kichwa anaangaliana nayo.

Ijumaa saa saba na nusu gari likasimama nje. Mama Mkunga akatangulia kuingia na mabegi. Hakusalimia. Aliangalia juu, mabegi yakamtoka mikononi.

"Chokaa iko wapi?"

Twiga akaeleza wembe wake, na kwa mara ya kwanza aliueleza kwa kifupi.

Mama Mkunga akatoka, akamwambia binti yake abaki garini na mtoto, asishuke hata akiitwa na nani. Akarudi akafunga mlango. Aliongea haraka, macho yapo kwenye dirisha.

"Binti yangu si mtoto wangu wa kwanza. Kabla yake nilikuwa na mwingine, nilimlaza hapo hapo. Siku ya nane aliacha kulia, akawa anacheka na kioo. Siku ya tisa hakuamka. Mume wangu akaleta mganga, mganga akasema kuna jini kwenye ule uwazi, na hawezi kulitoa kwa sababu ndiko lilikozaliwa. Linafumbwa macho tu. Linatokea juu. Likikuta kioo cha juu kinapitisha macho, linashuka kimoja kimoja. Likifika cha mwisho likaona kitanda, limeshaingia. Binti yangu amekua chini ya hiyo chokaa miaka thelathini, hakupata hata mafua." Akamgeukia Twiga. "Na wewe uliniambia nje kunang'aa. Nikadhani unajisifu tu, mwanangu."

Chokaa ilikuwepo stoo, mfuko mzima. Mke wa Twiga akaikoroga kwenye ndoo kwa mkono mtupu. Twiga akasema Mama Mkunga apake chini yeye aanze juu, wawahi. Mama Mkunga akakataa. Mkono uliokwangua ndio unaopaka, mganga alisema hivyo, wa mwingine chokaa yake haishiki. Na ni lazima aanzie juu.

Zilibaki dakika ishirini jua liingie.

Twiga akapanda, ndoo kwenye kiwiko, brashi mdomoni, na mtu aliyekuwa anapanda ngazi kama anakwenda sokoni siku hiyo aliihesabu kila hatua, akafika juu, akachovya, akapaka kioo cha kwanza, na alipokuwa anapaka akasikia kwii upande wa pili, mbele ya brashi yake kabisa, brashi ikienda kushoto na mlio unakwenda kushoto, ikirudi kulia na mlio unarudi, mpaka kioo kikawa cheupe na mlio ukahamia kinachofuata ukamsubiri hapo. Akamaliza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, chokaa inamchuruzika mpaka kwapani, kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya duniani anaizika kwa mkono wake mwenyewe, na chini anamsikia Mama Mkunga ananong'ona maneno yasiyokatika na mke wake anahema chini ya ngazi kama mtu anayebeba mlango, na harufu ya maziwa imekuwa nzito kiasi kwamba akivuta pumzi anaihisi kwenye ulimi, na ya nne, na ya tano, na ngazi inaondolewa sasa maana ameshafika chini, anapaka amesimama, ya sita, na ule mlio hauko tena mbele ya brashi, umemtangulia, umeshuka safu ya mwisho peke yake na unakimbia, kwii kwii kwii kwii, duara juu ya duara, kioo kwa kioo, na yeye anaufuata amepiga magoti juu ya kitanda cha mtoto, akipaka, akipaka, mpaka kikabaki kioo kimoja cha pembeni chenye duara moja safi saizi ya sahani, na jua likaingia.

Ndani ya duara hilo hakukuwa na uso. Kulikuwa na ukungu, ule unaobaki kwenye kioo mtu akikipumulia kwa karibu, ukungu mdogo, wa mdomo mdogo, unakuja na kufifia.

Twiga amefuta vioo miaka ishirini na tano. Mkono wake ukienda kwenye ukungu haumuulizi. Akafuta kwa kiwiko cha shati, kwa kulala, kushoto kulia.

Ukungu ukatoka.

Ulikuwa upande wa ndani.

Twiga akachovya brashi, akakipaka kioo kile mara tatu. Mlio ukakatika. Harufu ikakatika pia, ghafla, kama mfuniko umefunikwa. Mama Mkunga alikuwa amemshika bega, anamuuliza kama amewahi, kama limeona kitanda, na mle garini mtoto alikuwa analia kwa mapafu yale ya kuuza samaki, mlio mzuri wa mtoto mzima. Mke wake alikuwa anamwangalia kama alivyomwangalia siku ya simu.

"Nimelifunga, Mama," Twiga akasema. "Mimi ndiye Twiga."

Wiki sita zikapita. Mama Mkunga akapiga simu, hakusalimia. Alisema waje wote wawili, na ngazi zote mbili.

Walikuta sebule ina giza, dirisha zima jeupe kama shuka. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti, amevimba macho, hajalala. Mtoto alikuwa kitandani, mnene, amelala chali, mkono mmoja nje ya blanketi. Mama Mkunga akanyoosha kidole juu. Kwenye safu ya juu kabisa, mahali ambapo ngazi mbili zilizofungwa pamoja zilifika kwa shida, chokaa ilikuwa imefutwa. Duara moja, saizi ya sahani.

Twiga akauliza ni upande gani, ingawa alijua.

"Chokaa iko ndani, mwanangu," Mama Mkunga akasema. "Unaniuliza upande gani?"

Akainama, akakifungua kiganja cha mtoto taratibu, kidole kimoja kimoja. Kilikuwa cheupe. Chokaa ilikuwa imeingia mpaka kwenye kucha. Akasema wanamuosha asubuhi na jioni, na siku hizi halii, wala haombi kunyonya. Kisha akamgeukia Twiga, akamuuliza kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu anayeomba.

"Siku ile, kioo cha mwisho. Uliona nini?"

Mke wake akamwangalia. Twiga akakitazama kiwiko cha shati lake, kile alichofutia ukungu.

Saa nane ikafika. Jua likaingia kupitia lile duara peke yake, likashuka likatua kitandani. Juu kabisa kulisikika kwii. Na kitandani, macho yakiwa yamefumba, mtoto akacheka, na mkono wake mdogo mweupe ukazunguka hewani taratibu, ukamaliza duara.